Chipu inahesabu pungufu kuliko Neubauer, tatizo liko wapi?

mwani_sahare: Wakuu, habari za kazi. Niko Tanga, nakuza Tetraselmis (mwani wa seli moja) za kulishia vifaranga vya kambamiti. Nahesabu kwa chipu ya PDMS (mpira wa silikoni) iliyobandikwa kwenye kioo: mfereji maikromita 50 kwa 50, urefu 120, pampu ya sirinji maikrolita 10 kwa dakika, umeme wa DC; seli ikipita mkondo unashuka, ndivyo inavyohesabiwa na kupimwa ukubwa. Neubauer, kile kioo chenye mistari cha kuhesabia seli kwa hadubini, inanipa kama milioni 1 kwa mililita, chipu inatoa robo pungufu na seli zinasomeka kubwa kuliko ninavyoziona kwenye hadubini. Ikipita nusu saa, laini ya mkondo kwenye rekodi inayumba.

Mpimaji: Umejaza seli mno. Mfereji wako una ujazo wa nanolita 0.3, kwa hiyo kwa milioni 1 kwa mililita kuna wastani wa seli 0.3 humo muda wote. Zikipita mbili pamoja, inahesabiwa moja. Kwa Poisson (hesabu ya matukio ya nasibu) unapoteza karibu 26%, ndiyo robo yako hiyo. Mbili zikisomwa kama moja ujazo ni maradufu, kipenyo kinapanda mara 1.26: ya maikromita 10 inaandikwa 12.6. Chora grafu ya ukubwa, utakiona kinundu hapo. Zimua mara 10, kosa linashuka hadi kama 3%. Tumia maji yaleyale ya bahari, yachuje kwa chujio la maikromita 0.2. Ya bomba hapana kabisa, seli zitavimba na umeme utabadilika.

FundiChipu: Kuyumba ni viputo. Elektrodi ni za nini?

mwani_sahare: Waya za platini. Narekodi 1 kHz, yaani nukta 1,000 kwa sekunde.

FundiChipu: Ndiyo hivyo, platini kwa DC inatoa gesi. Chukua waya wa fedha, ulaze kwenye Jik isiyo na manukato mpaka uwe mweusi, suuza. PDMS nayo inakataa maji, pitisha kwanza ethanoli 70% ndipo maji ya bahari. Mngurumo wa 50 Hz wa umeme wa nyumbani unaufunika kwa kopo la biskuti, kopo lenyewe liunge na ethi.

Mpimaji: Na 1 kHz ni ndogo mno. Seli inakatiza mfereji kwa milisekunde 1.8, unapata nukta moja au mbili na kilele kinakupita. Panda hadi 20 kHz, kisha pima shanga za polisitireni za maikromita 10 upate kipimo cha ukubwa. Tetraselmis zinazama, tia kisumaku ndani ya sirinji kizunguke. Kwenye Neubauer ziue kwa Lugol (maji ya iodini) kwanza, maana zikiwa hai zinaogelea kuvuka mistari, halafu hesabu miraba mikubwa minne na wastani wake uzidishe kwa 10,000.