Nimeokota mtoto wa komba, hataki maziwa. Nisaidieni

Mtu_wa_Muyeye: Wadau salaam. Niko Malindi, huku Muyeye. Siku ya tatu leo nina mtoto wa komba, hajai hata kiganja, macho tu ndiyo makubwa (picha hiyo hapo). Nampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, anatema, na tangu asubuhi anaharisha. Usiku halali, nami silali. Nimpe nini, mara ngapi?

MgemaMstaafu: Mpe mnazi. Marehemu babu alikuwa mgema, kila akipanda alfajiri anakuta komba kashatangulia kwenye kibuyu. Siku moja alimkuta mmoja chini, chali, kalewa. Akamfunika kwa kuti akaenda zake. Bibi hakuamini hata siku moja kwamba tembo linalopungua hunywewa na komba.

BiMkasi: Mtoto anaharisha, wewe waleta hadithi za ulevi. Na wewe mwenye uzi, mnyama wa mwitu ndani ya nyumba? Mayatima wa jirani hamuwaoni.

DaktariWaMbuzi: Mimi ni wa mbuzi na ng'ombe, lakini sikiliza. Acha maziwa ya ng'ombe. Mguse kwanza: akiwa wa baridi usimpe kitu, mfunge kitambaa kando ya chupa ya maji vuguvugu mpaka apate joto. Kwa kuwa anaharisha, anza na matone ya ORS, kisha maziwa ya kopo ya watoto wachanga, tone moja moja kwa bomba la sindano lililotolewa ncha. Usimlaze chali, yataingia mapafuni. Halafu mpanguse huku nyuma kwa pamba yenye maji vuguvugu ili akojoe, mama yake angemlamba. Ulimtoa wapi?

Mtu_wa_Muyeye: Asante daktari. Nilimkuta peke yake tu.

DaktariWaMbuzi: Wapi?

Mtu_wa_Muyeye: Mwembe wa nyuma.

DaktariWaMbuzi: Chini au juu?

Mtu_wa_Muyeye: Juu. Kwenye panda.

Kaskazi: Basi hakupotea huyo! Komba humbeba mwanawe kwa mdomo, humweka tawini, akaenda kutafuta wadudu na utomvu, akamrudia. Mama yake umemwona?

Mtu_wa_Muyeye: Anakuja. Kila usiku yuko mwembeni analia. Lakini nieleweni jamani. Binti yangu tangu mamake aende Ghuba kufanya kazi hakuwa akicheka, na juzi kacheka. Kitundu nishamlipa fundi, 1,500.

Kaskazi: Kumfuga bila kibali ni kosa, soma sheria ya wanyamapori ya 2013. Hicho kitundu ndicho kitakachokuwa ushahidi.

Shahidi: Ngojeni. Mnyama wa hiyo picha ana ngozi iliyotanda kutoka mkono hadi mguu. Si komba huyo, ni shuga glaida, wa Australia, hukulia mfukoni mwa mamake kama kangaruu. Muyeye kafika kwa jahazi? Uzi wa kutunga huu.

BiMkasi: Nilijua! Na huyo mke wa Ghuba pia katungwa.

MgemaMstaafu: Nirudishieni babu yangu, nimemtoa bure.

Mtu_wa_Muyeye: Picha niliitoa intaneti, niliogopa kuweka yangu KWS, wale wa wanyamapori, wakaiona. Komba ninaye. Na mke wangu muacheni.

Shahidi: Weka picha ya kitundu basi.

Mtu_wa_Muyeye: [picha]

Shahidi: Hm. Kitundu kizuri. Tia kuku.

DaktariWaMbuzi: Tuacheni picha. Bado anashika kidole kwa nguvu?

Mtu_wa_Muyeye: Anashika. Na kile kiharo kimepungua.

DaktariWaMbuzi: Basi magharibi mrudishe panda ileile, ndani ya kikapu. Fungia paka, zima taa, ondokeni. Asipochukuliwa hadi alfajiri, wapelekee KWS mwenyewe kabla hawajakufuata.

Mtu_wa_Muyeye: Nitamwambia nini mtoto?

BiMkasi: Mwambie mamake amekuja kumchukua.

Mtu_wa_Muyeye: Nimemweka. Binti yuko dirishani, hataki kulala.

Shahidi: Amekuja?

Mtu_wa_Muyeye: Kuna kinacholia kwenye mkorosho wa jirani. Nyamazeni kidogo.