Shelfu ya upinde: nibandike nini pale mshale unapokaa?

mwana_nyegezi
Wakuu habari za humu. Nina upinde wa mbao na faibaglasi, uzito wa kuvuta paundi 40, jamaa kaniachia alipohama Mwanza. Juu ya kishikio pamechongwa kishelfu cha kuweka mshale ila mbao tupu, hakuna kitu. Navuta kwa mkono wa kulia. Nikiachia nasikia "tak" mshale unagonga mbao, halafu mkia unayumba hewani mpaka unachoma kiroba kiupandeupande. Manyoya ni ya plastiki, moja limeshaanza kuchanika. Nibandike nini na wapi hasa, au nifunge resti ya dukani (kile kidude cha kubebea mshale)? Napiga viroba vya pumba nyuma ya nyumba, siwindi, msinichomee kwa maliasili 😂

fundi_kisesa
Mkuu kabla hujagusa shelfu toa hiyo plastiki. Haikunjiki, ikigusa mbao inasukuma mkia wote pembeni. Nyoya la ndege linalala linapita alafu linasimama tena. Tafuta ya bawa la bata mzinga na yote yatoke bawa la upande mmoja, usichanganye kulia na kushoto. Lile nyoya moja la rangi tofauti liangalie nje, mbali na upinde. Ukiing'ang'ania plastiki basi ndo ufunge resti ya kuunyanyua mshale.

Shelfu sasa. Angalia kishikio pale kwenye kibonde ambapo kiganja kinazama zaidi, panda nacho juu wima, hapo ndo mshale uguse na usiguse pengine. Shelfu ikiwa bapa mshale unalala wote, ukipinda kiwiko cha mkono kidogo tu unagusa mbele, mara nyuma, kila mshale na njia yake. Bandika njiti ya kiberiti ikatishe shelfu hapo hapo, juu yake ngozi laini au velkro ule upande wa manyoya sio wa miba, kinatoka kinundu. Ukutani, yaani ubavu wa upinde mshale unapoegemea, vilevile ila njiti isimame, iwe juu ya ile ya chini sawasawa. Ngozi kaombe kwa fundi viatu, velkro kata kwenye kiatu chakavu cha mtoto.

mjukuu_wa_magu
Mnajisumbua bure, sungusungu huku usukumani wamebeba pinde tangu miaka ya 80, shelfu walikuwa nayo wapi? Mshale unakaa juu ya ngumi basi

fundi_kisesa
@mjukuu_wa_magu kweli kabisa na ngumi ni kinundu tosha 😄 ila funga uzi mwanzo wa nyoya, ile ncha ikikuchana kidole utanitafuta.

kapteni_mwaloni
Naongezea, ngozi ya ukutani iwe nyembamba sana. Kama upinde haujachongwa mpaka katikati tayari mshale unaangalia kushoto na lazima ujipinde kuuzunguka ule mbao, sasa ukijaza mangozi unazidi kuupeleka kushoto. Piga mshale mmoja usio na manyoya ukiwa karibu, ukilalia kushoto kwa sisi wa kulia ujue ni mgumu, haujipindi vya kutosha, weka chembe (kichwa cha mshale) nzito zaidi. Ukilalia kulia ni mlaini, chembe nyepesi. Halafu kaka, kwenye kamba umefunga alama ya kuchomekea mshale?

mwana_nyegezi
Nimefunga uzi usawa na shelfu kabisa mkuu

kapteni_mwaloni
Basi "tak" yako naanza kuishuku hapo. Mkia unatakiwa ukae juu kidogo, usawa na shelfu lazima ugonge unapotoka. Weka kipimo cha pembe mraba kwenye kamba, alama ianze kama mm 12 juu ya shelfu, piga, shusha kidogo kidogo mpaka mkia utulie. Uzi wa nyavu unatosha, usiukaze kabisa mpaka upate pale penyewe, ndo uupake supaglu. Na ukibadilisha ngozi ya shelfu pima upya, kimo kinakuwa kimebadilika.

mwana_nyegezi
Shukrani wakuu, kesho nampitia fundi viatu. Hao bata mzinga ndo kipengele, huku kwetu ni kuku tu

fundi_kisesa
Huku Kisesa kuna watu wanawafuga mkuu, wakichinja mabawa wanatupa. Uliza kabla ya Krismasi.