Ratiba ya chekechea, miaka 3 mpaka 5, nianzie wapi?

Mama Nuru
Habari zenu wapendwa. Nina chekechea ndogo huku Mbagala, watoto 22. Nataka mwakani tuwe na mpangilio wa kueleweka maana sasa hivi tunajiendea tu, asubuhi a e i o u, saa nne uji, halafu nyimbo mpaka wazazi waje. Shida ni wazazi, wanataka daftari lijae na homuweki kila siku, mmoja kamhamisha mwanae kisa hajui kuandika jina lake na ana miaka mitatu na nusu!! Naombeni mawazo.

mwl_wa_awali
Hongera dada. Mtaala usitunge, Taasisi ya Elimu Tanzania wanao wa elimu ya awali, ufuate huo, kazi yako wewe ni ratiba na zana. Mtoto wa miaka 3 usimlazimishe penseli, vidole havijakaza. Mpe udongo afinyange, atunge shanga, achane makaratasi, afunge na kufungua vifungo. Wangu wengine Januari walikuwa wanashika penseli kama mwiko, mwezi wa nane wanachora duara linafunga kabisa, na ukishapata duara umepata o, ukiliwekea mkia umepata a. Hesabu nazo anza na visoda, "niletee visoda vitatu", akileta vitano mhesabu wote mrudishe viwili. Kukaa chini isizidi dakika 15 au 20, wanyanyuke wacheze ukuti ukuti. Halafu tenga kona ya duka, makopo na viberiti vitupu tu, hapo wanahesabu, wanaongea, wanajifunza kusubiri zamu.

Baba Ilham
Mie naomba usisahau lugha. Mwanangu tulimpeleka sehemu ambayo Kiswahili ni marufuku, siku hiyo kabanwa na mkojo, Kiingereza cha kuomba ruhusa hana na Kiswahili anaogopa, akajikojolea mbele ya wenzake. Miaka 4 jamani. Iliniuma sana. Wasimulie hadithi, paukwa pakawa, waulize maswali wajibu kwa lugha wanayoongea na mama zao, Kiingereza kitakuja.

Nyamvula
Huku Kilifi, Kenya, nafunza PP1, yaani mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, wazazi walitusumbua vivyo hivyo. Kilichosaidia ni faili, kila mtoto ana lake, kila mwezi naweka mchoro wake mmoja na tarehe. Mzazi akija kulalamika namfungulia wa kwanza na wa mwisho ajionee mwenyewe. Na mara moja kwa muhula waite wakae darasani asubuhi nzima.

Mama Nuru
Asanteni sana, visoda nimeshaanza kukusanya kwa mangi. Sasa chumba nina kimoja, hawa wa 3 na wa 5 nawatenganishaje?

mwl_wa_awali
Asubuhi waache pamoja, wakubwa wanawavuta wadogo. Baada ya uji wadogo watandikie mkeka walale, hapo ndo unakaa na wa miaka 5 kwenye herufi na sauti zake.