Lulumizi ya kasha la laka: abaloni, chaza wa lulu au kome wa maji baridi?

KashaJeusi: Kasha ni sm 20 kwa 30, laka nyeusi ya Kichina (utomvu wa mti unaopakwa tabaka kwa tabaka), nami nataka kulipamba kwa lulumizi, yaani tabaka ya ndani ya ganda inayong'aa. Mchoro ni tawi la plamu lenye maua, na ndege wawili. Nichague ganda gani?

Tupa_Laini: Amua unene kwanza. Lulumizi nene ndiyo ya vioo vya shaba vya enzi ya Tang huko Uchina; nyembamba ni ile aliyosifika nayo fundi Jiang Qianli, mwisho wa enzi ya Ming na mwanzo wa Qing. Ukitaka kuchora manyoya ya ndege kwa ncha ya chuma, chukua chaza wa lulu (Pinctada maxima), unene wa mm 1 hivi. Ganda lake ni kubwa na bapa, kwa hiyo ndege mzima hutoka kwenye kipande kimoja.

Mkaa_na_Maji: Kome wa maji baridi ni bei nafuu na weupe wake unapendeza kwa petali. Shida yake ni kupasuka: ganda likikaa kavu muda mrefu, utando unaoshika tabaka zake hukauka na nyufa hujitokeza. Likate likiwa limelowa, kwa msumeno mwembamba, bila kusukuma. Kulowesha huko huzuia pia vumbi, ambalo ni baya kwa mapafu. Barakoa usivue.

Petali5: Kwa maua mimi nashikilia abaloni (konokono wa baharini) nyembamba, unene kama mm 0.1. Kijani, buluu na waridi vyote vimo, ila ganda limepinda na lina mistari ya kahawia, hivyo vipande vizima ni vidogo. Kila petali igeuze upande wake kabla ya kubandika, maana rangi hubadilika kwa pembe ya mwanga. Bandika juu ya weusi: lulumizi nyembamba hivyo hupitisha mwanga, na chini kukiwa kweupe rangi hufifia.

KashaJeusi: Je, nikiiloweka abaloni kwenye siki ili ilainike na kulala bapa?

Tupa_Laini: Hapana! Ganda ni kalisi kaboneti. Siki hulila na mng'ao unakufa. Maji ya moto yanatosha kwa nyembamba.

Mkaa_na_Maji: Na usichanganye nene na nyembamba kwenye uso mmoja bila kupanga kimo. Nene hubandikwa kwanza, kisha unajaza pembeni kwa laka iliyochanganywa na unga wa matofali, tabaka kwa tabaka, mpaka ilingane nayo. Hapo ndipo nyembamba inabandikwa na laka nyeusi inapita juu ya vyote. Kila tabaka likomae kwenye nyuzi 20 hadi 28 na unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Laka hii huganda kwa unyevu. Ukiianika juani utasubiri bure. Vaa glavu, laka mbichi inawasha vibaya.

Petali5: Wakati wa kuondoa laka iliyofunika lulumizi, nene isugue kwa mkaa na maji. Juu ya abaloni usisugue: msasa ukipitiliza mara mbili tatu, petali imekwisha. Kwangua laka polepole kwa kisu cha mwanzi, kisha ung'arishe.

KashaJeusi: Basi ndege chaza wa lulu, maua abaloni.