Mrejesho: sindano ya kifafa cha mimba na hesabu ya dripu

Assalam aleikum, dada na kaka zangu. Mimi ni yule wa Lamu niliyewauliza nitashikaje magnesiamu salfeti, hiyo sindano ya kifafa cha mimba, maana kila nikijipima nilichanganya kiwango chake na dalili za sumu. Mtihani wa leseni nimeshaufanya na, alhamdulillahi, nimepita.

Dada uliyeniambia niache kukariri, nimfikirie mama aliye kitandani, Mungu akuzidishie. Nilimkalisha mdogo wangu barazani, miguu inaning'inia, nikamgonga chini ya pia ya goti kwa ukingo wa kiganja. Mguu ukaruka. Tukarudia mpaka akachoka, maskini, lakini hapo ndipo iliponiingia: kabla ya kila dozi ya gramu 5, kila saa 4, goti liruke, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi mwilini, goti hunyamaza kwanza, pumzi hufuata, kwa hiyo goti likinyamaza tu dawa inasimama. Pumzi zikikatika unamsaidia mama kupumua, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuondoa sumu hiyo, gramu 1 inaingia mshipani polepole.

Dripu nayo, kosa langu lilikuwa kusahau kugeuza saa kuwa dakika. Lita 1 kwa saa 8, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita: matone 20,000 gawanya kwa dakika 480, matone 42 kwa dakika.

Daftari nimempa binti wa jirani hapa Langoni. Naye atafanya mtihani ujao, na jana alikuwa keshaanza kumgonga nduguye magoti.