Mrejesho: oda ya ununuzi iliyokuwa imefungwa kwenye SAP (programu ya kuendesha shughuli za kampuni)

Ndugu wataalamu, nawashukuru nyote mlionijibu wiki iliyopita, nilipoeleza kwamba kila nikiifungua oda ya ununuzi kwa ME22N (skrini ya SAP ya kubadilisha oda ya ununuzi) ili nirekebishe idadi, mfumo unakataa na kudai kuwa inashughulikiwa na mtumiaji mwingine, ambaye, kwa aibu yangu, alikuwa mimi mwenyewe.

Ushauri wa kusubiri haukusaidia, kwani hadi kesho yake asubuhi kufuli linalozuia oda isibadilishwe lilikuwa bado lipo kwenye SM12 (orodha ya kufuli za mfumo) likiwa na jina langu na saa ileile umeme ulipokatika nikiwa nimeifungua oda. Kilichofaa ni onyo la yule aliyesema nisikimbilie kulifuta, bali niombe kwanza SM04 (orodha ya watumiaji walio ndani ya mfumo na vikao vyao) iangaliwe. Msimamizi wetu alikuta kikao changu cha siku ya umeme kukatika kingali hai, akakifunga, na kufuli likaondoka lenyewe bila mtu kuligusa.

Oda ya pili iliyojifunga vilevile ilikuwa na kisa tofauti: hapakuwa na kikao chochote, ila kwenye SM13 (orodha ya masasisho, yaani mabadiliko yanayosubiri kuandikwa kwenye hifadhidata) palikuwa na sasisho ambalo halijachakatwa, nalo ndilo lililoshikilia kufuli. Tungelifuta kufuli hilo kwa papara, huenda tungeharibu kumbukumbu za mwenzangu wa ghala. Sasisho lilipochakatwa upya, oda ilifunguka.

Oda ya tatu bado inajifunga alfajiri. Tunashuku kazi ya usiku inayojiendesha yenyewe, na msimamizi anaifuatilia kupitia SM37 (orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe).