Naomba ushauri: kasi ya mausi CS2 na Valorant hailingani kwenye darubini

Habari wakuu. Nacheza michezo miwili ya kufyatua risasi kwenye kompyuta. Counter-Strike 2 (CS2) nacheza DPI 800 (wepesi wa mausi yenyewe), kasi 1.0 ndani ya mchezo, kuzunguka nyuzi 360 kunakula kama sentimita 52 za pedi. Kwa Valorant nimegawanya kasi hiyo kwa 3.18, nikapata 0.314, na bila darubini mambo ni safi. Uharakishaji wa kielekezi kwenye Windows nimeshauzima, msinirudishe huko.

Shida ni darubini. Kizidishi cha kasi ya darubini ya AWP (bunduki ya mdunguaji ya CS2) nimekiweka 0.82 ili mwendo karibu na katikati ya skrini ulingane na usio na darubini. Operator (bunduki ya mdunguaji ya Valorant) ikiwa 1.0 inapitiliza shabaha. Je, niishushe hadi 0.75? Na upana wa kuona, takriban nyuzi 106 kwa CS2 dhidi ya 103 kwa Valorant, nao niuhesabu au niupuuze?